Imeli za domeini yako hazifiki: ubaki kwenye cPanel, uhamie Google au Microsoft, au upitishie kwenye rilei?

Umetuma proforma asubuhi, saa nane mchana mteja anapiga simu anauliza mbona kimya, unamwambia hebu cheki spamu, kumbe kweli imelala huko. Hiyo ndo nafuu. Kuna ile nyingine ambayo inboksi haipo, spamu haipo, halafu wewe unarudishiwa meseji ndefu ya kizungu inayoanza na 550 na huelewi hata nani kakukatalia. Ukiuliza watu utapata majibu matatu. Mmoja atasema bakia hapohapo kwenye cPanel, ile paneli ya hostingi ya tovuti yako, urekebishe rekodi tu. Mwingine atasema achana na hayo mambo, hamia Google Workspace au Microsoft 365. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni developa, atakwambia weka rilei, huduma ya kukutolea imeli, kama Amazon SES au Brevo yaishe.

Wote watatu wanaweza wakawa sahihi, inategemea unatuma nini na una nani wa kukusaidia. Ila ambacho wengi hawakisemi ni kwamba njia zote tatu zinategemea DNS ileile, yaani zile rekodi zinazoiambia dunia tovuti na imeli za domeini yako ziko wapi, kwa hiyo ukihama na rekodi mbovu umelipia huduma mpya na imeli bado zinarudi. Kinachobadilika ukihama ni kitu kimoja tu, rekodi zipi zinabaki juu yako na zipi anazishika mtu mwingine.

## Kabla hujachagua, jua kwanza kilichovunjika

Jiulize hivi: tatizo ni watu kukuandikia wewe, au wewe kuwaandikia watu? Wengi wanachanganya haya mawili wanaanza kugusa rekodi ambayo haina kosa lolote.

Kama wanaokuandikia ndo wanarudishiwa, angalia MX (rekodi inayosema imeli zako zipelekwe wapi), nemseva (seva zinazoshika rekodi zako), na kama domeini yenyewe bado iko hai. Usicheke, domeini iliyoisha muda ni sababu ya kawaida kabisa, hasa kama ilisajiliwa na kijana aliyeshaacha kazi na vikumbusho vyote vinaenda kwenye imeli yake. Meseji inayorudi hapo huwa ina maneno kama "domain not found" au NXDOMAIN.

Kama ni zako ndo hazifiki, hapo ni SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (sahihi ya kidijitali ndani ya imeli), DMARC (sera ya nini kifanyike hizo zikigoma), PTR (rekodi inayotafsiri IP, yaani namba ya seva, kuwa jina) au IP yako imeingia orodha nyeusi ya watuma spamu. Soma namba kwenye hiyo meseji iliyorudi, usiifute. Gmail akisema 5.7.26 maana yake hukujithibitisha, SPF na DKIM zote zimegoma au sera ya DMARC ya domeini yako mwenyewe ndo imekataa. Akisema 5.7.25 IP inayotuma haina PTR inayoeleweka. Outlook na Hotmail wakisema 5.7.515, hiyo ni ile sheria yao iliyoanza Mei 2025 kwa domeini zinazotuma zaidi ya imeli 5,000 kwa siku bila kukamilisha SPF, DKIM na DMARC. Ukiona jina la Spamhaus ndani ya meseji, ni orodha nyeusi.

Kama haijarudi bali imeingia spamu, jitumie mwenyewe kwenye Gmail ya kawaida, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua Show original. Pale juu utaona SPF, DKIM na DMARC kila moja imeandikwa PASS au FAIL. Zoezi hilo halichukui hata muda wa kuchemsha chai na linakuokoa kubahatisha.

Halafu kitu cha mwisho kabla ya yote, hiki nakisisitiza kwa sababu watu wanapoteza wiki nzima hapa: jua zoni yako ya DNS, yaani mkusanyiko wa rekodi zako zote, inakaa wapi. Fungua command prompt andika nslookup -type=ns domeiniyako.co.tz uone nemseva. Kama zinasomeka za Cloudflare, huduma ya DNS iliyo nje ya hostingi yako, basi kila unachobadilisha kule kwenye cPanel hakuna anayekisoma, unaweza ukaandika SPF nzuri kuliko zote duniani na isionekane popote. Rekodi zinarekebishwa pale nemseva zinapoelekeza, basi.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitaziangalia njia zote tatu kwa mambo yaleyale. Moja, rekodi zipi utazishika mwenyewe na zipi ziko mikononi mwa mtu mwingine. Mbili, nini huwa kinaharibika. Tatu, ukikwama unachungulia wapi. Nne, hela. Tano, inamfaa nani.

## Njia ya kwanza: kubaki kwenye cPanel ya hostingi yako

Rekodi. MX inaelekea kwenye domeini yako au mail.domeiniyako.co.tz, ambayo nayo ina rekodi A inayoelekea IP ya seva. SPF inataja IP ya seva, kitu kama v=spf1 +a +mx +ip4:(IP ya seva) ~all. DKIM inakaa kwenye default._domainkey. DMARC unaiweka mwenyewe. PTR haiko kwako kabisa, inawekwa na mwenye IP, yaani kampuni ya hostingi au data senta yao, hata ukiwa na paswadi zote za domeini huwezi kuigusa. Watu wanaongeza rekodi ya PTR ndani ya zoni ya domeini yao wakidhani wamemaliza, haina kazi hiyo.

Kinachoharibika. Hapa orodha ni ndefu maana hapa ndo kila kitu kiko wazi kuguswa. Seva imehamishwa, IP mpya, SPF bado inataja IP ya zamani. Au MX imeandikwa namba ya IP badala ya jina, jambo ambalo haliruhusiwi, MX lazima iwe jina na hilo jina liwe na A yake, lisiwe CNAME, yaani jina linaloelekeza kwenye jina lingine. Au mtu kaweka domeini Cloudflare, kaona lile wingu la rangi ya chungwa, kaliwasha kila mahali mpaka kwenye mail. Cloudflare pale anapitisha mambo ya tovuti, hapitishi imeli, kwa hiyo seva zinazokutafuta zinagonga IP ya Cloudflare na hakuna anayefungua. Rekodi ya mail wingu lake liwe la kijivu.

Kuna na ya DKIM. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, na kipande kimoja ndani ya rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi) mwisho wake ni 255, kwa hiyo unatakiwa kugawanywa vipande vyenye alama za kunukuu. cPanel yenyewe inagawa vizuri, ila ukikopi kwenda kwenye paneli nyingine ya DNS mara inakatwa mkia, mara inaingia na nafasi katikati, na hakuna anayekwambia, unaona tu DKIM FAIL.

Na kuna tatizo ambalo hata ukiwa fundi wa DNS huliwezi: IP ya seva ya kushea. Mko tovuti mamia kwenye IP moja, WordPress ya jirani imedukuliwa inatema matangazo ya dawa usiku kucha, IP inaingia orodha nyeusi, na wewe na proforma yako mnalipa deni la jirani. Rekodi zako zote ni PASS na bado unakataliwa. Dawa ni hostingi akubadilishie IP au apitishie imeli zinazotoka kwenye huduma ya kuchuja. Akifanya hilo la pili, muulize kabisa SPF iongezewe include gani, kwa sababu wengine wanabadilisha njia bila kutangaza na wewe SPF inaanza kugoma huku hujagusa kitu.

Pa kuchungulia. cPanel ina ukurasa unaitwa Email Deliverability, unakuonyesha SPF, DKIM na PTR ipi ina kasoro, na ina kitufe cha Repair. Kitufe hicho kinafanya kazi tu kama zoni iko kwenye seva hiyohiyo. Kama iko nje, kopi thamani zinazopendekezwa ukapesti kule. Pia kuna Track Delivery, inaonyesha imeli ilitoka saa ngapi na ilijibiwa nini. Hostingi wengine wanaifunga, waombe.

Hela. Imo ndani ya bei ya hostingi, akaunti kumi au ishirini bei ni ileile. Kikwazo ni nafasi ya diski na kikomo cha kutuma kwa saa ambacho kila hostingi anajiwekea.

Inamfaa nani. Ofisi ndogo, watu kadhaa wanaoandikiana na wateja kwa kawaida, hawatumi kwa wingi, na hostingi wao anapokea simu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani, maana PTR na IP ziko kwake.

## Njia ya pili: Google Workspace au Microsoft 365

Nimeziweka pamoja kwa sababu kwa upande wa DNS zinafanana sana, na Zoho Mail pia iko kundi hilihili ukitaka ya bei nafuu zaidi.

Rekodi. MX unaelekeza kwao. Google siku hizi anatumia moja tu, smtp.google.com yenye kipaumbele 1, ingawa zile tano za zamani za ASPMX bado zinafanya kazi, ukizikuta usizifukuze. Microsoft mara nyingi anakupa inayoishia na mail.protection.outlook.com. SPF ni include:_spf.google.com kwa Google na include:spf.protection.outlook.com kwa Microsoft. DKIM kwa Google ni TXT moja ya google._domainkey, kwa Microsoft ni CNAME mbili, selector1 na selector2. PTR na sifa ya IP ni juu yao, unasahau kabisa, na kusema kweli hiki ndo unachokilipia.

Kinachoharibika. Kubwa kuliko yote ni SPF mbili. Mtu ana ile ya zamani ya cPanel, anafuata maelekezo ya Google, anaongeza nyingine chini yake. Domeini inaruhusiwa SPF moja tu, zikiwa mbili mpokeaji anatoa permerror na ni kama huna yoyote. Unaziunganisha ziwe mstari mmoja, kwa mfano v=spf1 ip4:(IP ya tovuti) include:_spf.google.com ~all.

La pili ni kuacha MX za zamani pamoja na mpya, eti kama bekapu. Matokeo yake imeli nyingine zinaingia Google, nyingine zinadondokea kwenye akaunti ya zamani ambayo hakuna anayeifungua, na ofisini wanaanza kulaumiana. Ukiona malalamiko ya "zingine zinafika zingine hazifiki", anza hapo.

La tatu ni DKIM iliyoachwa njiani. Watu wanabadilisha MX, imeli zinaanza kuingia, wanashangilia wanafunga kompyuta. DKIM ya domeini yako haijiwashi yenyewe: Google lazima uingie kwenye Admin utengeneze ufunguo, uuweke kwenye DNS, halafu urudi ubonyeze Start authentication. Microsoft vilevile, CNAME zikishaonekana unarudi kuiwasha.

La nne ndo linalonikera zaidi kwa sababu halionekani kwenye kipimo chochote cha mtandaoni. Umehama vizuri, MX safi, dunia nzima inakufikia, ila fomu ya mawasiliano kwenye tovuti yako haileti kitu. Na mteja ambaye tovuti yake iko kwenye seva hiyohiyo ya hostingi naye akikuandikia hufikiwi. Kumbe ile seva ya cPanel bado inaamini kwamba yenyewe ndo yenye imeli za domeini yako, haiulizi MX, inaipokea imeli na kuiweka ndani kwenye akaunti ya zamani kimyakimya, haimrudishii mtu hata neno. Unaingia cPanel, Email Routing, unabadilisha kutoka Local Mail Exchanger kwenda Remote Mail Exchanger, basi imeisha. Halafu fungua ile akaunti ya zamani uone zilizojazana, unaweza kukuta oda za miezi. Na ukumbuke fomu ya tovuti bado inatuma kwa IP ya hostingi, kwa hiyo ama IP hiyo ibaki kwenye SPF, ama utumie plagini ya SMTP itume kupitia akaunti yako mpya, na hii ya pili naipenda zaidi.

Pa kuchungulia. Google Admin kuna Email Log Search, Microsoft kuna Message trace, zote zinakwambia imeli ilifika wapi na ilijibiwaje. Google pia ana Admin Toolbox, ina CheckMX ambayo ni bure hata kama hujanunua kitu.

Hela. Unalipa kwa kila mtu kila mwezi, kwa dola. Watu watatu hata husikii, watu thelathini ni bajeti ya kuombea kikao, na dola ikipanda na bili inapanda. Ila usinunue akaunti ya info@ na ya mauzo@ na ya uhasibu@, hizo zifanye alias (jina la pili la akaunti ileile) au grupu, kuna ofisi zinalipia majina badala ya watu.

Inamfaa nani. Ofisi ambayo imeli ndo kazi yenyewe, mawakili, mawakala wa forodha, watu wa utalii wanaoandikiana na wageni wa Ulaya usiku na mchana, na hawana mtu wa IT wa kukaa anafuatilia IP imeingia orodha gani. Na wale ambao hostingi wao hapokei simu.

## Njia ya tatu: rilei

Rilei ni huduma ya kutoa tu. Akaunti zako zinabaki zilipo, iwe cPanel iwe Google, ila imeli zinazotoka, au baadhi yake, zinapitia Amazon SES, Brevo, Mailgun na wenzao.

Rekodi. MX ya domeini haiguswi. Nasema tena, haiguswi, maana kuna watu wanaona maelekezo yana neno MX wanafuta ya kwao na ofisi nzima inaacha kupokea. SES anakupa CNAME tatu za DKIM. Ile MX yake ni ya sabdomeini ya kurudishia zilizokataliwa, kama utaamua kuiweka, mfano rudi.domeiniyako.co.tz, pamoja na TXT ya SPF yenye include:amazonses.com palepale kwenye sabdomeini.

Hapo kuna jambo watu hawalijui. SPF haiangalii anwani ile anayoiona msomaji, inaangalia ile ya kurudishia iliyojificha nyuma. SES usipomwekea sabdomeini anatumia anwani yake mwenyewe ya amazonses.com, kwa hiyo kuongeza include:amazonses.com kwenye SPF ya domeini kuu hakukusaidii chochote, umekula nafasi bure. DMARC inapita kwa sababu ya DKIM, basi hakikisha CNAME tatu ziko sawa ndo ulale.

Kinachoharibika. Jina kujirudia. Unakopi jina zima kutoka kwenye dashibodi, abc._domainkey.domeiniyako.co.tz, unapesti kwenye paneli ambayo nayo inaongeza domeini mwishoni yenyewe, linakuwa abc._domainkey.domeiniyako.co.tz.domeiniyako.co.tz. Kwa macho kwenye paneli linaonekana sawa. Uliza kwa nslookup utaona. Na kama uko Cloudflare, CNAME za DKIM nazo wingu liwe la kijivu.

Kingine ni kikomo cha SPF. Mpokeaji anaruhusiwa kuuliza DNS mara 10 tu wakati anasoma SPF yako, na include moja inaweza ikawa na nyingine ndani yake. Ofisi yenye Google, na mfumo wa tiketi, na huduma ya jarida, na rilei mbili ambazo moja haitumiki tangu mkurugenzi wa zamani, inapita 10 bila kujua, na hapo ni permerror tena. Futa usichotumia, na huduma za kutuma kwa wingi zipe sabdomeini yao.

Pa kuchungulia. Dashibodi ya rilei, na hapa rilei inawazidi wote, unaona kila iliyorudi na kila aliyebonyeza kwamba ni spamu. Ila nao wanakuangalia wewe: SES zikirudi kufikia asilimia 5 anakuweka chini ya uangalizi, zikifika 10 anaweza akakusimamisha. Ile orodha ya namba na imeli mliyonunua mtaani itakutoa hapo mapema sana.

Hela. SES ni dola 0.10 kwa imeli 1,000. Unaanzia kwenye kizuizi cha imeli 200 kwa saa 24, na kwa anwani ulizozithibitisha tu, mpaka uombe kufunguliwa na ueleze unatuma nini. Brevo ana kifurushi cha bure cha imeli 300 kwa siku, kwa duka dogo la mtandaoni zinatosha kabisa.

Inamfaa nani. Mifumo. Shule inayotuma taarifa za ada, SACCOS inayotuma taarifa za akaunti kila mwisho wa mwezi, programu inayotuma risiti na namba za uthibitisho. Pia mtu mwenye VPS yake, seva ya kukodi anayoiendesha mwenyewe, maana DigitalOcean na Google Cloud wanaziba porti 25 ya kutokea, na AWS naye anaibana mpaka uombe, kwa hiyo unapita porti 587 kwenda kwenye rilei, au porti nyingine anayokupa rilei pale 587 nayo inapozibwa, kama DigitalOcean. Kwenye cPanel ya kushea huwezi kupitisha imeli zote za akaunti kwenye rilei bila mwenye seva kukubali, lakini tovuti yako kwa plagini unaweza.

## Ambacho hakikwepeki popote utakapokuwa

DMARC. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka kila anayetuma awe angalau na SPF au DKIM, na anayetuma kwa Gmail kuanzia 5,000 kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Hata ukituma hamsini kwa siku iweke tu, ni TXT moja kwenye _dmarc: v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@domeiniyako.co.tz. Hiyo none haizuii kitu, inakuletea ripoti za nani anatuma kwa jina lako. Ripoti zinakuja kama faili la XML baya kulisoma, ila zipo zana za bure za kulitafsiri. Ukishaona huduma zako zote zinapita ndo unapanda quarantine (zinazogoma ziende spamu), baadaye reject (zikataliwe kabisa). Kuna watu wanaruka moja kwa moja reject kwa sababu video fulani imesema ndo salama, halafu mfumo wa mishahara ambao hakuna aliyeukumbuka unaanza kukataliwa kila mahali.

Na kufowadi. Imeli ikifowadiwa kutoka akaunti moja kwenda Gmail ya mtu, SPF mara nyingi inagoma kwa sababu IP imebadilika, DKIM ndo inabaki kuibeba. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kurekebisha moja tu leo, rekebisha DKIM.

Kama utahama, siku moja au mbili kabla shusha TTL ya MX, yaani sekunde ambazo seva za wengine zinaikumbuka rekodi ya zamani, mpaka 300. cPanel nyingi zinakuja na 14400 ambayo ni saa nne, paneli nyingine zina 86400, siku nzima. Akaunti ya zamani usiifunge siku ileile, iache ipokee za waliochelewa.

## Kwa hali yako

Kipimo cha Show original kina FAIL, na hostingi wako anajibu: usihame bado. Rekebisha SPF na DKIM, weka DMARC, subiri TTL ipite, pima tena. Wengi wanaishia hapo na hawatumii hata shilingi.

Zote ni PASS lakini unakataliwa na jina la Spamhaus linatokea: tatizo ni IP, si DNS. Mpe hostingi nafasi abadilishe. Akizungusha, hamia Google, Microsoft au Zoho kama ni imeli za watu, na kama ni za mfumo weka rilei.

Watu wachache, wote wanaishi ndani ya imeli, na hakuna wa IT: njia ya pili, ila siku ya kuhama shika mambo manne, MX za zamani zitoke, SPF iwe moja, DKIM iwashwe mpaka mwisho, Email Routing iwe Remote.

Watu wengi na bajeti ndogo: changanya. Wengine wanaacha akaunti cPanel na kupitisha tovuti na mfumo kwenye rilei. Wengine wanaweka uongozi na mauzo Google na waliobaki cPanel, hii inawezekana lakini MX inaenda sehemu moja tu kwa hiyo lazima upange kugawa njia ndani ya Google, kama huna fundi usiianze.

Una Google tayari na sasa mfumo unataka kutuma risiti elfu kadhaa: usizipitishe kwenye akaunti ya mtu, zina kikomo cha siku na utamfungia bosi asiweze kutuma. Weka rilei kwenye sabdomeini kama risiti.domeiniyako.co.tz, DKIM yake peke yake, SPF yake peke yake.

Na kama hujui hata paswadi ya domeini iko kwa nani, usinunue chochote kwanza. Angalia whois uone msajili ni nani na inaisha lini, za .tz ziko chini ya TCRA na za .ke chini ya KeNIC, halafu pitia msajili wako urudishiwe umiliki kwa barua ya kampuni. Bila hiyo paswadi hakuna njia hata moja kati ya hizi tatu utakayoweza kuianza.